Diklofenaki si dawa ya aliyefanyiwa baipasi

Bwana Mhariri,

Wapo wakazi wa Lubumbashi wanaosafiri hadi India au Afrika Kusini kupasuliwa ili wapungue uzito, wakarudi mishono haijakauka. Maumivu yakiwashika, aliyewapasua yuko mbali na famasi iko kona ya barabara. Huomba diklofenaki, dawa ya maumivu, nao hupewa bila kuulizwa walipasuliwa nini.

Kwa mtu wa baipasi, aina mojawapo ya upasuaji huo, hiyo ni hatari. Tumbo lake limebakizwa kifuko kama yai la kuku, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, ambao hauhimili asidi kama tumbo. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza hata kinga kidogo iliyopo. Kidonda huchimbika pale kwenye maungio, na pengine hutoboka. Wanaodhani sindano ni salama kwa kuwa haipiti tumboni wanajidanganya: dawa hufika pale kwa damu. Sigara nayo huchimba palepale. Ya kuanzia ni parasetamoli, gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini. Vidonge vya mafua vingi vina parasetamoli ndani, kwa hiyo pakiti isomwe kwanza.

Wapo wanaojulikana mapema kwamba wataumia zaidi: aliyekuja na maumivu ya siku nyingi ya mgongo au magoti, aliyezoea tramadoli (dawa kali ya maumivu), mwenye wasiwasi mwingi au huzuni nzito. Vijana pia huumia kuliko wazee, ingawa wengi hutarajia kinyume. Haya yaulizwe kabla ya kisu, si usiku wa kwanza wodini. Na anayekoroma hadi pumzi ikakatika asipewe tramadoli wala mofini bila mtu wa kumwangalia.

Bega kuuma siku mbili tatu za mwanzo huleta hofu bure. Ni gesi iliyojazwa tumboni wakati wa upasuaji, inachokoza msuli ulio chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa msuli huo una undugu na wa bega. Kutembea husaidia. Lakini mshike mkono, uhesabu mapigo kwa dakika nzima: yakifika 120 akiwa ametulia, tena ana homa au anahema, mshono wa ndani huenda unavuja. Hospitali usiku huohuo, hata kama tumbo ni laini.

Bukari, yaani ugali, ikimezwa kwa matonge makubwa wiki za mwanzo hukwama nyuma ya kifua. Hapo kosa ni la mlaji.

Miezi ikipita, uzito ukishuka haraka, mawe hujengeka kwenye nyongo: maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya mafuta. Hayo mawe ekografi (ultrasaundi) huyaona. Isiouona vizuri ni utumbo ulioteleza kwenye nafasi iliyoachwa na baipasi: maumivu huja baada ya kula, huondoka, hurudi, na damu ikipimwa ni safi. Huyo anahitaji skana (CT) na daktari wa upasuaji, hasa akiwa mjamzito.

Aliyetapika wiki kadhaa, nyayo zikimwaka moto, amepungukiwa vitamini B1. Apewe B1 kwanza, ndipo serumu (dripu) ya glukosi. Ukigeuza mpangilio unaweza kumharibu ubongo.

Wauguzi wa upasuaji,
Lubumbashi