Jumamosi tunaangalia Zambia 2012

Wadau habari za jioni, Jumamosi saa 10 pale Mwanga tunaangalia marudio ya ile fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika 2012 ya Libreville, Gabon, mje mapema maana nataka vijana waelewe kwanza, Aprili 1993 ndege ya Chipolopolo, timu ya taifa ya Zambia, ilianguka baharini hukohuko Gabon wakafa wote 30, nahodha wao Kalusha Bwalya alipona kwa vile alikuwa anatokea Uholanzi, afu timu ikaundwa upya na 1994 wakafika fainali kule Tunisia, Nigeria wakawafunga 2-1. Ni majirani zetu jamani, meli ya Liemba ilikuwa inaenda mpaka Mpulungu kwao. Mimi wachezaji kuweka maua ufukweni kabla ya fainali hiyo ya 2012 ndo inanigusa mno. Buku ya mafuta ya jenereta mpeni mhazini, wa Ujiji njooni pamoja.