Kaka, hasira zako nazijua

Shikamoo kaka.

Wiki hii nimekupigia mara nne. Tatu hukupokea, ya nne akapokea shemeji, akasema umelala. Saa nne asubuhi! Wewe uliyekuwa ukituamsha sote nyumbani kabla jua halijatoka. Najua hukuwa umelala. Na mimi nililala hivyohivyo miaka miwili na nusu iliyopita, nilipopasuliwa kwa saratani ya tezi dume, uso ukutani, nikiomba mlango usifunguliwe.

Nimeamua kukuandikia hadharani bila kutaja jina, kwa kuwa barua ya siri ungeiacha katikati, na kwa kuwa wanaume waliogeukia ukuta sasa hivi ni wengi. Mdogo hazungumzi na mkubwa wake mambo ya chini ya kitovu. Leo nitayazungumza. Niwie radhi mapema.

Kwanza lile ambalo hujalisema, ila nalisikia kila simu inapoita mpaka ikakatika. Ulikuwa mzima. Ulikuwa unakojoa vizuri, hakuna kilichokuuma. Mimi ndiye niliyekung'ang'aniza upime, maana niliambiwa kwamba mwanamume ambaye baba au ndugu yake wa damu amepata saratani ya tezi dume, hatari yake hukaribia mara mbili ya mwingine. Ukapima. PSA, ile protini ya tezi inayopimwa kwenye damu, ikaonekana iko juu, wakachukua vipande vya nyama ya tezi, wakaikuta. Ukaingia kwenye upasuaji ukitembea kwa miguu yako, ukatoka na mpira wa mkojo. Maradhi mengine mtu huenda hospitali anaumwa, akarudi ana nafuu. Haya yetu, yakiwahiwa, tiba ndiyo inayokulaza kitandani. Nani asingekasirika? Mimi sikuwa na ndugu wa kumlaumu, nikamchukia daktari aliyenipasua, miezi mitatu mizima, na yeye hajui mpaka leo.

Mpira umeshatolewa, kwa hiyo nisikuchoshe nao, ila nikwambie tu kwamba na mimi ulinitisha. Siku ya tano nilijikamua chooni, nikaona mkojo kwenye mfuko umegeuka mwekundu, nikamwita mke wangu kwa sauti ya mtu anayezama. Muuguzi akatuambia kwa simu: kunywa maji, lainisha choo, acha kujikamua. Kibofu kilikuwa kimeshonwa upya kwenye njia ya mkojo, na mpira ulikaa pale wiki moja mpaka mbili ili mshono upone. Yamekwisha. Bado usibebe vizito mpaka wakuruhusu, na tembea, hata ukumbini tu, damu isigande miguuni. Ukiona shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, kifua kinabana, homa imepanda au mkojo umegoma kutoka, usiningoje mimi wala barua yangu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Tuje kwenye kuvuja, maana najua ndiko kulikokufunga chumbani.

Hakuna aliyenieleza vizuri mpaka mwezi wa pili, na nikaelewa kwamba nusu ya aibu yangu ilikuwa ya kutojua. Mkojo hushikiliwa na vizuizi viwili. Cha juu kiko shingoni mwa kibofu, kinafanya kazi yenyewe bila kukuuliza, na hicho ndicho kinachoguswa tezi inapoondolewa. Kinabaki cha chini. Maisha yako yote hicho kilikuwa msaidizi, kinaitwa siku ya shida tu, na sasa amerithi duka zima kwa usiku mmoja. Ndiyo maana unakauka ukiwa umelala, kisha ukiinuka kitini, ukikohoa au ukicheka, tone linatoka. Ndiyo maana jioni ni mbaya kuliko asubuhi: msuli umechoka. Haina uhusiano wowote na uzee wala utoto.

Mazoezi yenyewe ni kama unazuia upepo usitoke mbele za watu, na papo hapo unauvuta uume uingie ndani. Tumbo lilegee, makalio yalegee, pumzi itoke. Shika sekunde chache, achia kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Achia kabisa, kaka. Mimi kwa ujuaji wangu nilikuwa nafanya mamia kwa siku, nikawa navuja zaidi kuliko mwanzo, mpaka mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliponiambia nimeuchosha msuli kama punda. Akanifundisha kuubana kabla ya kuinuka, si baada. Hilo moja lilinipunguzia pedi mbili kwa siku. (Aliyeyasambaza mazoezi haya, Arnold Kegel, mwaka 1948 aliyaandikia wanawake waliojifungua. Mke wangu alipolijua hilo alicheka mpaka akakaa chini, akasema karibu ukumbini kwetu.)

Usipunguze maji ili usivuje. Nilijaribu; mkojo ukawa mkali, kibofu kikakasirika zaidi. Punguza kahawa. Pedi za wanaume zipo, zinakaa vizuri kuliko za kuazima. Wengi huona mabadiliko makubwa kati ya miezi mitatu na sita, na wengine huendelea kupata nafuu hadi mwaka. Wewe una wiki ya saba. Mimi wiki ya saba nilikuwa na suruali nyeusi tu kabatini. Na wale ambao mwaka unapita bado wanavuja sana, upo upasuaji mwingine wa kuwasaidia, kwa hiyo hata huko si mwisho wa njia.

Sasa lile la jogoo na mtungi.

Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume imepita ubavuni mwa tezi, myembamba, imegandana nayo. Zamani ilikatwa pamoja na tezi bila mtu kujua ilipo. Mwaka 1982 daktari Patrick Walsh, pale Johns Hopkins, Marekani, ndiye aliyeanza kupasua kwa kuikwepa kwa makusudi. Lakini hata ikikwepwa huwa imevutwa na kuguswa, inalala, na kuamka kwake kunaweza kuchukua mwaka na nusu au miwili. Wengine hairudi ilivyokuwa, sitakudanganya. Vidonge vya kusimamisha mwanzoni huenda visifanye kitu, kwa sababu navyo hutegemea mishipa hiyohiyo. Ipo pampu, ipo sindano, na yote daktari anayajua ukimuuliza. Ukiwa na dawa za moyo, mwambie kabla hujameza kidonge chochote. Zipo ambazo zikikutana nacho presha hushuka vibaya. Na wale wauza mizizi wa mtandaoni, waache na mizizi yao.

Kuna jambo ambalo mimi nililigundua kwa bahati, nusu mwaka baada ya upasuaji, na nilikaribia kumpigia daktari usiku kumuuliza kwa nini alinificha: kilele kipo. Hata bila kusimama, kipo. Kinakuja kikavu, kwa kuwa tezi na vifuko vya manii vimeondolewa, na kama ungetaka mtoto kwa njia ya kawaida basi mlango huo umefungwa. Mwili wenyewe lakini bado unajua raha. Zungumza na shemeji. Amehamia chumba cha watoto kwa sababu anadhani unataka hivyo, na wewe umemwachia kwa sababu unadhani anataka hivyo. Kaniambia mwenyewe, akilia.

Ameniambia pia kwamba watoto umewaambia ulipasuliwa ngiri. Kaka! Desemba 2023 Lloyd Austin, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alipasuliwa kama sisi. Tarehe 1 Januari 2024 akarudishwa hospitali kwa maambukizi ya njia ya mkojo, na siku zikapita rais wake hajui kwamba waziri wake amelazwa. Baadaye akajitokeza mbele ya waandishi akaomba radhi. Nilimwelewa kabisa. Mtu mwenye jeshi zima chini yake, kakwama palepale ulipokwama wewe. Watoto wako ni watu wazima, na wa kiume wawili hao hatari yao sasa imepanda kwa sababu yetu sisi. Ngiri haitawapeleka kupima.

Kila anayekuja anakwambia shukuru Mungu umepona. Nami niliambiwa hivyo na kila mtu, na nilishukuru kweli. Kisha kipimo cha kwanza cha PSA baada ya upasuaji kikatoka, chini ya 0.1, namba ambayo tuliiombea. Nilikaa kwenye gari nikalia kama nimefiwa. Sikuwa nalia kwa furaha. Nadhani mpaka siku hiyo nilikuwa nimebana kila kitu, nangoja, na siku niliyoambiwa saratani haionekani ndiyo siku nilipopata nafasi ya kumlilia yule mtu niliyekuwa kabla. Nilimwambia mke wangu usiku ule. Baadaye, usingizi ulipokataa wiki kadhaa na chakula kikanishinda, nilimwambia na daktari, akanipeleka kwa mshauri nasaha. Nilikwenda mara sita. Mara mbili za kwanza nilizungumzia mpira wa miguu tu.

Kipimo chako cha kwanza ni wiki ijayo, shemeji kaniambia. Jumamosi kabla ya hapo nakuja. Sipigi simu tena, nagonga mlango. Kama una la kunitukana kwa kukupeleka kupimwa, lihifadhi mpaka nikae, unitukane uso kwa uso. Nitaleta pedi zangu zilizobaki. Zipo pakiti mbili, sijazihitaji tangu mwaka jana, ila nikicheka sana.