Shoga, usimzuie Bibi na hadithi zake

Shoga yangu,

Assalam alaikum, na samahani mara mia, voisi yako ya dakika kumi na moja nimekaa nayo wiki mbili sijaijibu. Kwanza nilikuwa na mtihani, halafu simu ikaingia maji, mvua za huku Pune, India, mwezi wa saba hazina adabu, unatoka na mwavuli unarudi umeshika vijiti vitupu. Mie mzima, Aji mwenye nyumba mzima, mjukuu wake ameng'oka meno mawili ya mbele basi akisema anapiga miluzi. Na elfu thelathini yako naikumbuka, usije ukadhani ndo nimekimbia nchi.

Haya, tuje kwenye hilo la voisi. Nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza nikacheka, ya pili nikacheka zaidi, ya tatu ndo nikaona eti mwenzangu hutanii. Yaani kweli umemkataza Bibi asimsimulie tena mwanao hadithi? Kisa daftari? Mwalimu kamwambia lete daftari la hesabu, yeye kajibu "nimeliacha nyumbani mwalimu, niruhusu nikalifuate", karuhusiwa, kapitiliza mpaka uwanjani, kacheza mpira hadi adhuhuri, na daftari lipo kwenye mkoba siku zote. Shoga, hivi hujaona alichofanya huyu mtoto? Huyo ni Kima wa hadithi ya Bibi, yule aliyebebwa na papa baharini akaambiwa moyo wake unatakiwa! "Moyo wangu nimeuacha nyumbani, nirudishe nikauchukue." Neno kwa neno! Wewe unasema hadithi zimemharibu, mie nasema mwanao ndiye mtu pekee nyumba nzima aliyesikiliza mpaka mwisho, maana sisi tulikuwa tunalala papa hajafika hata katikati ya bahari.

Sasa nikupe kitu kilichonifanya nisijibu haraka, nilitaka nikiandike vizuri. Siku ile umeme umekatika huku, mvua inapiga mabati ya jirani, Aji kakaa chini anamenya njegere kwenye sinia na mjukuu wake kamlalia pajani. Mie nimekaa mlangoni na taa ya simu. Akaanza kumsimulia kwa Kimarathi, mie Kimarathi changu ni cha sokoni tu, bei gani na punguza, lakini nikasikia makad, nikajua huyo ni nyani au kima, nikasikia magar, mamba. Kima yuko juu ya mti kando ya maji, anamtupia mamba matunda. Nikaanza kusisimka. Halafu Aji akashika kifua chake kwa mkono wenye maganda ya njegere, akaonyesha juu, kama vile moyo umetundikwa kwenye tawi. Wallahi nilipiga kelele. Nikamwambia Aji hii hadithi ni ya bibi wa rafiki yangu wa Zanzibar! Akaniangalia kama mtu niliyechanganyikiwa, akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuokota, mtoto, hii ni ya Panchatantra, ni ya zamani kabla hata ya bibi wa bibi yangu.

Nikakesha na intaneti siku hiyo, bando lote likaisha. Panchatantra maana yake vitabu vitano, imeandikwa kwa Kisanskrit karne nyingi nyuma, na hiyo ya kima na mamba ndiyo inayofungua kitabu cha nne, kinachohusu mtu kupoteza kile alichokwishapata. Kule kwao anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Anasema huyu anayekula matunda matamu hivi kila siku, moyo wake utakuwa mtamu kiasi gani? Kwa Bibi ni sultani wa mapapa anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima, unakumbuka. Lakini subiri, bado. Mti wenyewe kwenye Kisanskrit ni jambu, na siku mbili baadaye Aji kaniletea jambu zenyewe kwenye kikaratasi zimenyunyiziwa chumvi, naangalia: zambarau! Zambarau zile zile tulizokuwa tunaokota mpaka ndimi zinakuwa kama wino na mama yako anatuuliza mmekula nini na sisi tunasema hatujala kitu huku midomo yote ya bluu. (Hapo nani alitufundisha uwongo? Bibi alikuwa hata hajaanza kutusimulia.)

Na Bibi anasema mkuyu. Kwenye tafsiri ya Kiarabu, Kalila na Dimna, ule mti ni wa tini, na mkuyu na mtini ni ndugu, kwa hiyo mie nashuku hadithi yetu imepitia kwa Waarabu kabla ya kutufikia. Njia ilikuwa hivi: tabibu mmoja wa Uajemi anaitwa Burzoy aliitoa India karne ya 6 akaitia kwenye lugha yao kwa ajili ya mfalme Khosrow, halafu kama mwaka 750 hivi Ibn al-Muqaffa akaitia kwenye Kiarabu, na kutoka hapo ikaenda kila mahali, mpaka Ulaya. Na askofu Steere, huyo huyo wa kanisa la Mkunazini, aliiandika kwa Kiswahili kama watu wa Unguja walivyomsimulia, ikachapwa kitabuni mwaka 1870, inaitwa Kisa cha Punda wa Dobi.

PUNDA WA DOBI shoga! Hapo ndo nilipolia kabisa. Unakumbuka kima akishafika juu ya mti papa anamwita shuka twende, naye anajibu "unanifanya mie punda wa dobi, hana moyo wala masikio?" Halafu Bibi anaanza hadithi nyingine ndani ya hadithi na sisi tunalalamika hatutaki ya punda tunataka ya kima. Nilikuwa nadhani Bibi anachanganya kwa uzee. Kumbe kwenye Kisanskrit ni hivyo hivyo, kima akishapanda anasimulia ya punda, na punda mwenyewe ni wa dobi anayemchosha kwa mizigo, jina lake Lambakarna, yaani masikio marefu. Simba mgonjwa, mbweha anamrubuni punda aje, anaponea chupuchupu, anarubuniwa tena anarudi, analiwa. Simba anakwenda kuoga, mbweha anakula moyo na masikio. Simba anarudi anauliza viko wapi, naye anajibu bwana, huyu angekuwa na moyo na masikio angerudi mara ya pili? Kwa Bibi mbweha amekuwa sungura, mengine yote yapo. Na hilo neno dobi lenyewe ni la huku, Aji ana dobi wake anakuja Jumatano na furushi la shuka.

Kwa hiyo unapomzuia Bibi, unajua unachokizuia? Wafalme waliwatafutia watoto wao mtu wa kuwasimulia haya. Mwanzo wa kitabu kuna mfalme Amarashakti ana wana watatu, wazito kama mawe ya kusagia, kusoma hawataki. Walimu wengine wanasema sarufi peke yake ni miaka 12. Akaletwa mzee Vishnu Sharma, miaka 80, akasema sitaki malipo, nipeni miezi sita, nikishindwa nitaliacha jina langu. Akawachukua akawasimulia wanyama. Miaka 80 shoga! Bibi yako ana mingapi, themanini na mbili? Basi umri wa kazi hiyo ndo huo.

Tena nikuambie, kinachonikera mie si wewe tu. Mkwe wa Aji alimnunulia mtoto kitabu cha picha, kizuri, karatasi zinateleza. Ndani mamba anaomba msamaha na kima anashuka wanakumbatiana, na hadithi ya punda haimo kabisa. Mtoto kafika ukurasa wa mwisho kamuuliza bibi yake, sasa akimbebaga tena baharini je? Miaka sita! Aji akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kwenye hadithi yenyewe mamba anarudi anabembeleza na kima anakataa katakata, na utamu wote uko hapo. Mtoto anatakiwa ajue kuna mtu unakula naye kila siku na bado mgongoni mwake usipande.

Na ile ya nguchiro, sijui kama Bibi anayo, mie siikumbuki. Mama kamwacha mtoto mchanga na nguchiro wanayemfuga, kaenda kuteka maji. Nyoka kaingia, nguchiro kamuua. Mama anarudi na mtungi kichwani, nguchiro anamkimbilia mlangoni kwa furaha, mdomo umejaa damu. Mama hajaingia hata ndani, kamwangushia mtungi kamuua, kasogea kitandani, mtoto kalala salama na nyoka vipande vipande. Aji alivyomaliza kile kitoto kilinyamaza, kikalia kimya kimya kwenye kanga yangu (ndiyo ile uliyonipa), halafu kikauliza "kwa nini hakuangalia kitandani kwanza?" Hakuna aliyemwambia funzo la hadithi hii ni hili na lile kama tulivyokuwa tunafanyiwa skuli. Kauliza mwenyewe. Wiki nzima akiona kitu kimevunjika, anatuambia subirini, tuangalie kwanza. Kichwa kinauma, lakini nafurahi.

Haya, nisikudanganye pia, kuna mahali una haki kidogo. Kitabu cha kwanza chote ni cha mbweha wawili, Karataka na Damanaka, na huyo Damanaka anamfitinisha simba na rafiki yake ng'ombe dume mpaka simba anamuua, na mwisho Damanaka anabaki waziri, anakula vizuri, hakuna aliyemgusa. Nilisoma nikafunga simu. Hata Waarabu hawakuweza kuvumilia, kwenye Kalila na Dimna kumeongezwa mlango mzima Dimna (ndiye Damanaka huyo huyo) anashtakiwa na anafia gerezani, na wengi wanasema ni Ibn al-Muqaffa mwenyewe aliyeuongeza. Kwa hiyo ukisema si kila hadithi ya wanyama inafundisha adabu, kweli, nyingine inafundisha tu namna fitina inavyopikwa. Lakini sasa mwanao ataijulia wapi fitina, kwa shangazi yake yule? Tena mapema? Bora aijue kwa mbweha.

Na uwongo wa kima si kama uwongo wa daftari, hilo ndo la kumwambia. Mkalishe umuulize: kima alidanganya kwa sababu gani? Yeye je, mwalimu alikuwa anataka moyo wake? Mie nakuhakikishia atakujibu mwenyewe, na ukimpiga atajifunza tu kuficha daftari mbali zaidi. Halafu umwambie nimesema ile mbinu ni nzuri ila mpira wenyewe kafungwa saba bila, aibu.

Sasa ombi langu, na hili ni ombi kweli, ndo maana nimeandika barua badala ya voisi ili ulisome mara mbili. Naomba umrekodi Bibi. Kima na Papa yote, na Punda wa Dobi ndani yake, asiruke. Mkalishe mwanao mbele yake maana Bibi hawezi kusimulia simu, lazima awepo mtu wa kusema pakawa. Usimkatishe akikosea, na usizime akianza kuhadithia habari za ndoa yake ya kwanza, hizo pia nazitaka. Nataka nimsikilizishe Aji. Nimeshamwahidi, ananiuliza kila siku bibi wa Zanzibar yuko wapi, anadhani nimemsahau.

Sasa nijibu. Bibi mguu wake vipi, ile dawa ya mafuta inasaidia au ndo anampaka paka? Mwanao anasema papa au anasema mamba? Wewe unakumbuka kima alimtupia papa maneno gani ya mwisho, maana mie nakumbuka alicheka lakini sikumbuki alisema nini? Na ule mzambarau nyuma ya kwa Mzee Kofia bado upo au wameshaukata wajenge fremu? Kibonge kaoa kweli au maneno ya watu? Na Bibi akikuuliza kwa nini umemzuia halafu umemruhusu tena, utamwambia nini? Usimwambie ni mie. Au mwambie.

Wako,
mwenye deni