Harambee: mashine ya kufyonza NA meshi (wavu wa kushonwa tumboni) kwa wagonjwa walioachwa tumbo wazi

Ndugu zangu habari zenu, sisi kikundi cha familia za wagonjwa wa upasuaji tumekuja tena kuomba, ila safari hii tunaomba kwanza muelewe tunachonunua.

Kuna wagonjwa daktari akimaliza upasuaji hafungi tumbo, na anafanya makusudi. Labda utumbo umevimba, akilazimisha kufunga presha ya ndani inapanda mpaka figo na mapafu yanagoma, au kuna usaha na lazima mgonjwa arudi thieta keshokutwa kusafishwa. Sasa hapo katikati lile tumbo linafunikwa na nini?

Njia rahisi ni mfuko wa Bogota, yani mfuko wa dripu unakatwa unashonewa kwenye kingo za kidonda, alianza nao daktari Oswaldo Borráez kule Kolombia mwaka 1984 na umeokoa watu wengi sana, hatuudharau hata kidogo. Shida ni kwamba haunyonyi maji machafu, yanavujia kitandani, na kibaya zaidi hauvuti misuli, kwahiyo siku zinavyoenda inarudi pembeni, pengo linapanuka, utumbo unagandana, mgonjwa anabaki na henia (ngiri) kubwa au anapata fistula, yani utumbo unatoboka palepale kidondani, na fistula ya hivyo kuitibu ni miezi jamani.

Mashine inafanya tofauti. Utumbo unafunikwa na plastiki yenye vitundu, juu yake sponji, kisha plastiki ya kunata, maji yananyonywa mfululizo. Lakini mashine peke yake haitoshi! Ndo maana kwenye bajeti tumeweka na meshi, hii inashonwa kwenye kingo zote mbili za fashia (ule utando mgumu unaoshikilia tumbo), na kila sponji ikibadilishwa, yani kila baada ya siku 2 au 3, wanaikaza kidogo mpaka kingo zikutane. Mashine pamoja na mvuto wa meshi ndo njia iliyopendekezwa na WSES (chama cha dunia cha upasuaji wa dharura) kwenye miongozo yao ya 2018, na lengo ni tumbo lifungwe mapema, ikiwezekana ndani ya siku 7.

Kwahiyo naomba asitokee mtu kusema tununue mashine tu, meshi baadaye. Tumeshalijadili hilo na tumekataa.

Mchango mpe mweka hazina wetu, chochote ulichonacho, na akuandikie risiti. Mwenye mashine iliyotumika tunapokea pia, mradi fundi wa vifaa tiba aikague kwanza na sponji zake ziwe bado zinapatikana, maana bila sponji haitumiki.