Barua kwa mwanangu anayekwenda kununua nyaya

Toledo, Ohio

Mwanangu mpendwa,

Habari ya kuajiriwa kwako katika idara ya manunuzi imenifurahisha, kama nilivyokwambia kwenye simu. Hata hivyo, baada ya kuagana nilibaki nimekaa jikoni kwa muda mrefu, kwa sababu ulitaja jambo moja kama mtu anayetaja bei ya nyanya sokoni: ulisema kwamba utakuwa ukinunua wayaringi, yaani mafungu ya nyaya za umeme, za magari ya haibridi, yale yanayotumia injini na umeme pamoja. Wayaringi ndiyo iliyokulisha hadi ulipofika darasa la pili, na ndiyo hiyo hiyo iliyoniacha bila kazi. Sikuandikii ili kukukataza. Nataka tu ujue bidhaa hiyo inapita katika mikono ya namna gani, kabla hujaizoea kuiona kama safu ya tarakimu.

Watu hudhani kwamba kiwandani kila kitu hufanywa na roboti. Roboti huchomelea bodi na kupaka rangi, lakini kazi yetu bado inazishinda kwa sehemu kubwa, kwa kuwa waya ni kitu laini kisichotulia pale kinapowekwa. Mbele yangu palikuwa na ubao mrefu kuliko meza yetu ya kulia, umechorwa njia ya kila waya kwa urefu wake halisi na kupigiliwa vigingi kwenye kila kona. Nilichukua, tuseme, waya wa kijani wenye mstari mweupe, nikaulaza kwenye vigingi vyake, nikasukuma ncha yake ndani ya plagi hadi niliposikia mlio mdogo wa kunasa, kisha nikauvuta kidogo kuhakikisha kwamba umeshika. Asiyeuvuta hagunduliki siku hiyo. Gari hupita ukaguzi, na miezi kadhaa baadaye taa ya breki ya mtu huzimika barabarani. Mwisho tulilifunga fungu zima kwa utepe mweusi, na nilirudi nyumbani vidole vikiwa vimekakamaa kwa gundi. Ndiyo maana ulikuwa ukilalamika kila nilipokuosha uso.

Kazi ya mikono ya namna hiyo huhamishiwa penye mshahara mdogo, na jambo hilo lilianza zamani: kampuni za vipuri za Marekani zilikuwa na viwanda Ciudad Juárez, ng'ambo ya mpaka huko Mexico, miaka mingi kabla ya NAFTA, mkataba wa biashara wa Marekani, Kanada na Mexico, kuanza kutumika mwaka 1994. Kishindo kilisikika Oktoba 2005, wakati Delphi, kampuni kubwa ya vipuri iliyokuwa imetenganishwa na General Motors mwaka 1999, ilipoomba kinga ya mufilisi, yaani mahakama iwazuie wadai wake, na kuwataka wafanyakazi wake wa Marekani wakubali ujira ulio chini ya nusu ya waliokuwa wakilipwa. Mimi sikuajiriwa huko, na kampuni iliyoniajiri sitaitaja, lakini wakubwa wetu nao walikuwa wakisoma magazeti. Mwaka uliofuata tuliitwa kantini, tukaelezwa kwamba kazi ya ubaoni inahamia Mexico na kwamba atakayekubali kuwafundisha watakaoirithi ataongezewa malipo ya wiki chache. Nilikubali. Kodi ya nyumba haikungojea fahari yangu.

Niliyepewa kumfundisha alikuwa mwanamke wa umri wangu. Mimi sikujua Kihispania na yeye hakujua Kiingereza, kwa hiyo tulifundishana kwa vidole. Siku ya mwisho aliniuliza kwa ishara kama mikono yangu huuma usiku. Yake ilikuwa imeanza kuuma. Usije ukamsikia mtu akisema kwamba yule mwanamke alininyang'anya kazi, nawe ukanyamaza.

Katika miaka hiyo hiyo magari ya haibridi yalikuwa yakisifiwa kwamba yataleta ajira mpya. Toyota ilikuwa imeanza kuuza Prius nchini Japani tangu Desemba 1997, na mwaka 2004 Ford ilianza kuunganisha Escape ya haibridi huko Claycomo, jimbo la Missouri. Sifa hazikuwa uongo mtupu. Haibridi ina injini kama gari la kawaida, na juu yake ina mota za umeme, betri kubwa, na nyaya nene za rangi ya machungwa zinazobeba umeme unaoweza kuua. Mjomba wako Mombasa, anayetengeneza haibridi zilizotumika zinazoteremshwa bandarini kutoka Japani, hazigusi kabla ya kutenga betri na kuvaa glavu za mpira. Vipuri vimeongezeka, si kupungua. Lakini giaboksi ya Escape hiyo ilitengenezwa na Aisin ya Japani na betri yake ilitoka Sanyo, kwa hiyo gari liliitwa la Missouri huku moyo wake ukiwa umekuja kwa meli.

Baadaye Ford yenyewe iliirudisha kazi hiyo Michigan: giaboksi za haibridi zikaanza kutengenezwa kiwanda cha Van Dyke, na uunganishaji wa betri, uliokuwa ukifanyika Mexico, ukahamishiwa Rawsonville. Nakutajia hili kwa sababu tuliambiwa pale kantini kwamba kazi ikishaondoka hairudi, kana kwamba ni maji ya mto. Kumbe kuna mtu alipiga hesabu na akatia saini, na mtu mwingine angeweza kupiga hesabu nyingine. Sasa mtu huyo ni wewe, angalau kwa kipande kidogo.

Hesabu yenyewe ina mashimo. Ulikuwa bado mwanafunzi vita vilipoanza Ukraine Februari 2022, na ndani ya siku chache Volkswagen na BMW zikasimamisha baadhi ya viwanda vyao Ujerumani kwa kukosa mafungu ya nyaya yaliyokuwa yakifungwa Ukraine kwa ujira mdogo. Fungu la nyaya haliwekwi akiba kwa urahisi, kwa sababu hutofautiana kulingana na vikorokoro alivyoagiza mnunuzi. Hasara ya namna hiyo haionekani kwenye bei utakayoletewa mezani. Usidhani pia kwamba mkataba mpya wa mwaka 2020 uliochukua nafasi ya NAFTA, unaotaka asilimia 40 ya thamani ya gari dogo itoke mahali panapolipa wastani wa dola 16 kwa saa au zaidi, umemaliza suala hili. Kampuni inaweza kulitimiza sharti hilo kwa kazi za Marekani na Kanada, bila yule mwanamke wa ubaoni kuongezewa hata senti moja.

Ninachokuomba ni kidogo. Watakapokupeleka kukagua kiwanda, usiishie ofisini kwa meneja. Omba kusimama ubaoni saa nzima, ufunge fungu moja kwa mikono yako, kisha umuulize aliye karibu nawe analipwa nini siku ambayo vipuri vimechelewa na kazi imesimama. Jibu hilo liandike pembeni ya bei.

Koleo langu la kubania ncha za nyaya bado liko kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Utakapokuja, lichukue, ila usilitumie kung'olea misumari kama alivyofanya baba yako.

Mama yako