Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hundi Nne, Ankara Moja

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ada zimeingia vizuri na kodi ya ghala tumeimaliza. Mimi nina jambo moja, lililotuumiza mwaka huu.

Mwenzetu mmoja, muuzaji wa unga, alichukua mali kauli ya shilingi 3,400,000. Hapa Kenya, tangu 2009, hundi ya milioni moja kwenda juu haipitishwi kati ya benki. Basi akaandika hundi nne za 850,000, zote siku moja. Akaunti haikuwa na fedha naye alijua. Hapo sina la kumtetea. Kifungu cha 316A cha Kanuni za Adhabu kinaruhusu kifungo cha hadi mwaka mmoja, faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Na kila hundi huhesabiwa kosa lake. Alipewa miezi 8 kwa kila moja, vifungo vifuatane. Jumla miezi 32.

Siku hiyo nilikaa benchi la mbele. Juu ya meza ya karani niliona ankara moja, na hundi zote nne zimebanwa nayo kwa pini moja.

Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema vifungo vya kesi moja vifuatane, isipokuwa mahakama iagize vitumikiwe kwa pamoja. Hakimu akinyamaza, vinafuatana! Mwongozo wa adhabu wa Idara ya Mahakama, wa 2016, ulielekeza kwamba vifungo vya makosa ya muamala mmoja vitumikiwe kwa pamoja. Miamala ikiwa mingi na walioumizwa ni wengi, vifuatane. Wakili wake wa kwanza hakuliomba hilo. Lilisemwa kwenye rufaa, na miezi 32 ikawa 8.

Wasambazaji mlio hapa mna uchungu, na mimi pia nimewahi kurudishiwa hundi. Angewaumiza watu wanne, ningekuwa upande wenu. Lakini deni lilikuwa moja, na kiwango cha benki ndicho kilicholigawa. Muda wote aliokuwa ndani duka lilifungwa, na aliyemkopesha unga hakupata hata senti. Fedha zake anazidai kwa kesi nyingine ya madai.

Kamati inaomba kura yenu leo: mali inayofika milioni moja ilipwe kwa uhamisho wa benki. Na mwanachama atakayeshtakiwa kwa hundi kadhaa za ankara moja, amwambie wakili wake aitoe ankara hiyo na kuomba waziwazi, kabla adhabu haijasomwa, vifungo vitumikiwe kwa pamoja.