Kwa Rehema, Kuhusu Kazi Yako Mpya

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na pole na majukumu. Natumaini wewe na wote walio karibu nawe hamjambo. Sisi huku tu wazima. Barua yako imevunja ukimya mrefu, na imenifurahisha kwa dhati kusoma kwamba umekabidhiwa kazi ya kuziunganisha kampuni changa zinazozaliwa maabara na wawekezaji, makampuni makubwa na vyuo vikuu. Sijui mtu mwingine anayeweza kuketi na mtafiti asubuhi na mhasibu jioni, akaeleweka na wote wawili.

Umeniomba orodha ya wawekezaji, nami nitakutumia. Hata hivyo, kuna jambo moja katika mpango wako ambalo limeninyima utulivu tangu niusome. Umeandika kwamba waanzilishi watakutana na wawekezaji kwanza, kisha makampuni makubwa, na kwamba mazungumzo na vyuo vikuu juu ya haki za uvumbuzi yatasubiri mpaka fedha zipatikane. Nakusihi uupindue utaratibu huo, uanze na vyuo vikuu.

Kampuni ya namna hii, katika miaka yake ya mwanzo, haina wateja wala bidhaa. Mali yake ni ujuzi wa watu wachache pamoja na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi, na mara nyingi hataza hiyo si yake. Tangu Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iviruhusu vyuo vikuu vya Marekani kumiliki uvumbuzi uliogharimiwa na fedha za serikali kuu, nchi nyingi zimefuata mkondo huo, na leo mtafiti anayeacha maabara ili kuanzisha kampuni hana budi kuomba leseni, yaani ruhusa ya kuutumia uvumbuzi huo, kwa mwajiri wake wa jana. Mwekezaji makini huuliza juu ya leseni hiyo kabla hajauliza juu ya soko. Ikiwa haijatiwa saini, mazungumzo hukwama, na mwanzilishi hulazimika kujadiliana na chuo huku mwekezaji akiangalia saa, hali ambayo humfanya akubali masharti ambayo asingeyakubali akiwa ametulia. Unakumbuka yaliyompata mwenzetu wa betri. Chuo hakikumkatalia, kilimchelewesha tu, kamati moja baada ya nyingine, na mwekezaji akaondoka.

Halafu kuna suala la kiasi ambacho chuo kinadai. Uchunguzi huru ulioongozwa na Irene Tracey na Andrew Williamson nchini Uingereza, ambao ripoti yake ilitoka Novemba 2023, ulipendekeza vyuo vichukue kati ya asilimia 10 na 25 ya hisa kwa kampuni za sayansi ya uhai, na asilimia 10 au pungufu kwa kampuni zisizotegemea sana hataza, kama zile za programu za kompyuta. Viwango hivyo vina sababu. Kila mtaji mpya unapoingia, hisa za waliotangulia hupungua, na mwanzilishi aliyeanza na nusu tu atajikuta, baada ya miaka mingi ya kazi, amebaki na sehemu ndogo mno ya kumtia moyo aendelee. Ukipata nafasi ya kukaa na ofisi za uhaulishaji wa teknolojia, zile za vyuo zinazosimamia hataza na leseni, waeleze hesabu hiyo kwa upole, kwa sababu wengi wao si wachoyo. Wanaogopa kulaumiwa siku kampuni itakapotajirika.

Tena si kila uvumbuzi unahitaji leseni ya kipekee, ile inayotolewa kwa kampuni moja tu. Hataza za Stanley Cohen na Herbert Boyer juu ya kuunganisha vinasaba, zilizosimamiwa na Chuo Kikuu cha Stanford, zilitolewa kwa yeyote aliyekubali kulipa, na hadi muda wake ulipokwisha mwaka 1997 kampuni zaidi ya 400 zilikuwa zimechukua leseni, na mapato yalizidi dola milioni 250. Zana ambayo kila maabara itaitumia inafaa kugawanywa hivyo. Dawa au malighafi mpya, inayohitaji miaka na mtaji mkubwa kabla ya kuuzwa, haiwezi kumvutia mwekezaji bila upekee. Nadhani mazungumzo yako na kila chuo yaanzie kwenye tofauti hiyo, kabla ya asilimia yoyote kutajwa.

Boyer huyohuyo ananipa mfano wa upande wa makampuni makubwa. Mwaka 1976, akiwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alianzisha kampuni ya bioteknolojia ya Genentech pamoja na Robert Swanson, aliyetoka katika ulimwengu wa uwekezaji. Mwaka 1978 wakaingia mkataba na kampuni kubwa ya dawa ya Eli Lilly juu ya insulini ya binadamu, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Lilly ilikuwa ikitengeneza insulini kutoka kwenye kongosho za wanyama, na upatikanaji wake ulikuwa ukileta wasiwasi. Kwa maneno mengine, ilikuja mezani na shida yake yenyewe. Ndiyo maana nakuomba usiridhike na makampuni yanayotuma maofisa wa ubunifu peke yao. Ni watu wakarimu na wenye shauku, lakini mara nyingi hawana bajeti. Mtafute mhandisi wa kiwandani anayesumbuliwa na tatizo lilelile ambalo kampuni changa inajaribu kulitatua.

Na hapo hapo narudi kwenye hoja yangu, kwa sababu Genentech hiyohiyo iliyofanikiwa vile ilikuja kuvutana mahakamani na Chuo Kikuu cha California juu ya hataza ya homoni ya ukuaji, na mzozo huo ulimalizwa mwaka 1999 kwa makubaliano ya dola milioni 200. Kampuni yenye nguvu inaweza kuubeba mzigo huo. Kampuni changa utakazozileta wewe haziwezi.

Yasome kwa makini pia makubaliano ambayo makampuni makubwa yatawapa waanzilishi. Kifungu kinachoipa kampuni moja haki ya kwanza ya kuinunua kampuni changa huwafukuza wanunuzi wengine wote mapema, na upekee ukitolewa, uwe wa matumizi mahususi na wa muda uliotajwa.

Kuhusu wawekezaji, sitakuandikia majina peke yake. Nitajaribu kuonyesha pia mwaka ambao kila mfuko wa uwekezaji ulianza. Mifuko mingi hudumu takriban miaka 10, na ulioingia mwaka wa saba hauwezi kuisubiri teknolojia ambayo, katika kipimo kile cha ukomavu wa teknolojia chenye ngazi tisa, kilichoanzia NASA, shirika la anga la Marekani, bado iko ngazi ya tatu, yaani bado ni jaribio la maabara. Ni heri wawe wachache wenye subira. Baada ya siku ya makutano, endelea kuwafuatilia, kwa sababu mahusiano haya huzaa polepole: kampuni za dawa za BioNTech na Pfizer walikuwa wameshirikiana tangu 2018 juu ya chanjo ya mafua, na janga la UVIKO-19 lilipotokea mwaka 2020 hawakuhitaji kuanza kufahamiana.

Sasa nijibu, tafadhali. Ni vyuo gani vimekubali kushiriki, na kwa kila kimoja, nani hasa ana mamlaka ya kutia saini leseni? Je, bajeti yako ina fungu la mwanasheria wa hataza, au waanzilishi watajitegemea? Yule binti wa vitambuzi ameingia katika kundi la kwanza? Mwalimu wetu wa maabara bado yumo kwenye ile kamati, na kama yumo, anaweza kukusaidia kuihimiza? Na je, tarehe ya makutano inaweza kusogezwa mbele, ili vyuo viwe vimetia saini walau makubaliano ya awali? Nitumie rasimu ya mkataba kabla hujaisambaza kwa vyuo, niisome kifungu kwa kifungu.

Wako wa dhati,
Idrisa